Muulize Mjomba: ile ngome yenye umbo la sambusa

Toleo lililopita niliweka kapicha kadogo pembeni ya ukurasa, ngome ya mawe mekundu imekaa katikati ya maji, chini yake maneno mawili tu: Caerlaverock, Uskoti. Niseme ukweli, nilikuwa naziba nafasi, tangazo la mtu lilichelewa na ukurasa unadai. Basi tangu siku hiyo simu haijapumua. Bagamoyo nzima kumbe mnapenda magofu namna hii mbona Kaole mnaenda mara moja kwa mwaka na wageni tu? Haya, nimechagua maswali machache, mengine yanafanana.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi niko kidato cha pili hapa Dunda. Ile picha ya ngome ina kona tatu, wenzangu wanasema umeitengeneza na AI maana ngome zote zina kona nne. Ipo kweli? Afu hilo jina linasomwaje? (Mwanafunzi, Dunda)

Marahaba mpwa wangu. Mjomba wako kutuma tu picha kwenye simu anaomba msaada wa watoto, hiyo AI ntaiwezea wapi. Ipo, tena ipo tangu karne ya 13. Iko kusini magharibi mwa Uskoti, kama kilomita 13 kutoka mji wa Dumfries, pale mto Nith unapomwaga maji kwenye ghuba ya Solway. Ukisimama ufukweni ukatazama ng'ambo ya ghuba, kule unakokuona ni Uingereza. Hilo lishike vizuri, maana nusu ya maswali ya leo majibu yake yametoka hapo.

Jina unalisoma ka-LA-ve-rok, mkazo uweke kwenye LA. Hiyo "caer" ya mwanzo ni neno la zamani la watu wa kisiwa kile, maana yake ngome, ndo maana miji mingi ya Wales nayo inaanza na Caer.

Kuhusu kona, wenzako wako sahihi kwamba ni kitu cha ajabu, hata Uingereza na Uskoti nzima huipati nyingine ya zamani ya pembetatu kama hiyo. Kuta tatu ndefu, kona ya kaskazini ina minara miwili imebanana na katikati yake ndo lango, afu zile kona mbili za nyuma kila moja ina mnara wake. Mshairi mmoja aliyeiona mwaka 1300 aliifananisha na ngao ya vita. Yeye alikuwa anakula na wafalme. Mi nikiiangalia picha yake kutoka juu naona sambusa imewekwa kwenye sahani ya mchuzi.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni fundi ujenzi, mwaka wa 22 huu nashika mwiko. Nimeona maji yamegusa ukuta kabisa. Msingi wake haujaoza tu? Na wametumia mawe gani? Sisi hapa ukiacha maji yakae mguuni mwa ukuta miaka miwili plasta yote chini. (Fundi, Nianjema)

Fundi umegusa penyewe, na ntakaa hapa kidogo wengine mnivumilie.

Kwanza ujue hiyo ni ngome ya pili. Ya kwanza ilijengwa miaka ya 1220 hivi, na John Maxwell, ambae mfalme Alexander wa Pili wa Uskoti alimpa ile ardhi ailinde. Akajenga mita 200 kusini ya hii unayoiona, karibu zaidi na bahari, na pembeni akawa na kabandari kake ka kuingizia vyombo. Kwa biashara na kwa ulinzi pazuri sana, ila kwa fundi ni balaa tupu, ardhi tope, chumvi, maji yanapanda. Kuta zikaanza kuzama na kupasuka. Haikufika miaka 60 familia ikanyoosha mikono, mpwa wake Herbert Maxwell akasogea juu kidogo penye mwamba akaanza upya. Ile ya zamani imebaki misingi tu kwenye majani, watu wanapita juu yake wanaenda kupiga picha ile kubwa.

Hapa lazima niitaje Kaole, nisamehewe. Karne hiyohiyo ya 13, babu zetu walikuwa hapo kilomita tano kusini ya mjini wanajenga msikiti kwa matumbawe na chokaa, na bandari yao inafanya kazi. Baadae mchanga ukajaa, mikoko ikaota bandarini, majahazi yakawa hayafiki, biashara ikahama polepole kuja huku Bagamoyo. Yaani wao bahari iliwakimbia, akina Maxwell bahari iliwafuata mpaka chumbani, na wote wakaishia kuhama.

Sasa maji kugusa ukuta. Hilo ni handaki, limechimbwa makusudi kuizunguka ngome yote, na jengo limekaa juu ya mwamba sio juu ya udongo, kwa hiyo maji hayana cha kulainisha. Mawe ni yale mekundu ya mchanga mgumu, ya huko kwao, yamechongwa pande zote na kupangwa kwa kipimo, sio kama matumbawe yetu unayoyapanga yalivyo afu chokaa ndo inaficha aibu. Na handaki lenye maji lina kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii. Zamani adui akishindwa lango anachimba tundu chini ya ukuta, anashikilia kwa miti, anachoma miti, ukuta unadondoka wenyewe. Ukiwa na maji na mwamba achimbe wapi?

Afu kuna hii ambayo utaipenda. Tarehe ya kujengwa walijuaje, maana hakuna kibao? Walipolifukua handaki walikuta mbao za daraja la zamani lililokuwa linaingia langoni. Mti kila mwaka unaongeza pete moja, mwaka wa mvua pete nene, mwaka mkavu pete nyembamba, kwa hiyo mpangilio wa pete ni kama alama ya kidole ya miaka ile, unaulinganisha na miti mingine inayojulikana. Ikaonekana ile miti ilikatwa mnamo 1277. Utauliza mbao miaka 700 majini haikuoza? Wewe na mimi tunajua nguzo ya gati inaoza wapi, inaoza pale katikati panapolowa na kukauka, ile sehemu ya chini iliyozama kwenye tope muda wote unaikuta nzima. Ndo hivyohivyo.

SWALI: Mjomba salama? Kijiweni kwetu Magomeni kuna jamaa anajifanya msomi, anasema kwenye hiyo ngome watu 60 walilizuia jeshi la mfalme la watu 3000. Mi nikabisha tukawekeana buku mbili. Nani anamlipa mwenzie? (Bodaboda, Magomeni)

Umeliwa nusu. Ngoja nikueleze afu mgawane wenyewe.

Ni Julai mwaka 1300. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, mzee wa miaka 61, anataka Uskoti yote iwe chini yake, na amepanda kaskazini na jeshi. Wapanda farasi wenye vyeo 87, jumla yao na askari wa miguu kama 3000, na mwanawe wa miaka 16 yumo, amepewa kikosi chake akajifunze kazi. Yote haya tunayajua kwa sababu kulikuwa na mshairi msafarani. Katunga shairi refu kwa Kifaransa, maana mabwana wa Uingereza enzi hizo walikuwa wanaongea Kifaransa wao kwa wao, kamtaja kila bwana na rangi za bendera yake, nani simba mwekundu nani ndege wa bluu, kurasa na kurasa. Kama wale watunzi wetu wa tenzi za vita vya Wadachi, ila huyu bwana muda mwingi anasifia nguo.

Walipofika ngome ikagoma kufungua. Wakaanza kwa fujo, kila bwana mdogo anataka aonekane anakimbilia lango, juu ukutani wanadondoshewa mawe, ngao zinavunjika, wanarudi wanachechemea. Afu ikaja mitambo ya kurushia mawe, mingine ililetwa kutoka ngome za Lochmaben na Carlisle. We fikiria manati la ukubwa wa nyumba, linarusha jiwe ambalo watu wazima wawili hawalibebi, na linarusha tena na tena palepale. Paa zikaingia ndani. Wale wa ndani wakatoa kitambaa kuomba mazungumzo, na mshairi anasema aliyekishika alipigwa mshale ukapita mkono ukafika usoni, si unaona mambo ya vita, hata kusalimu amri ni hatari.

Basi lango likafunguliwa, wakatoka. Jeshi zima likabaki midomo wazi, maana walihesabu watu kama 60 tu. Hawakuwa wanajua wanapigana na wangapi. Kwa hiyo jamaa yako namba kapata. Ila "walizuia" hapana, ilikuwa siku chache tu, wiki haikutimia, na walishindwa.

Walifanywa nini? Mshairi anasema mfalme aliwasamehe na kila mmoja akampa nguo mpya. Watawa wa Lanercost waliokuwa wanaandika kumbukumbu zao ng'ambo ya mpaka wanasema wengi walinyongwa. Mi nawaamini watawa. Mshairi anakula kwa mfalme, lazima amuoneshe mwema. Wale watawa nao walikuwa Waingereza, hawakuwa na faida yoyote ya kumchafua mfalme wao.

Mpe buku moja.

SWALI: Ndugu mwandishi, nimefundisha historia miaka mingi kabla sijastaafu. Hawa Maxwell walikuwa Waskoti wazalendo au vibaraka wa Uingereza? Kila nikisoma naona wamehama upande. (Mwalimu mstaafu, Tanga, Ngamiani)

Mwalimu shikamoo, na asante kwa kutusoma toka huko Tanga. Umeona sawa, walihama. Walihama mpaka inachosha kufuatilia.

Baada ya 1300 ngome ikawa mkononi mwa Waingereza, na miaka kadhaa baadae mtunzaji wake akawa Eustace Maxwell, analipwa na Waingereza. Mwaka 1312 akageuka akaenda kwa Robert Bruce, mfalme wa Waskoti. Waingereza wakaja kuizingira, safari hii wakashindwa. Ungetegemea sherehe. Badala yake Eustace akaibomoa ngome yake mwenyewe! Ndo ilikuwa mbinu ya Bruce, hakuwa na watu wa kukaa kila ngome, na ngome tupu adui anaingia bure, kwa hiyo bora isiwepo. Bruce akamlipa fidia. Bruce akafa 1329, vita ikarudi, na Eustace yuleyule akajiunga na Edward Balliol, mtu aliyekuwa anasaidiwa na Waingereza.

Baadae ni hivyohivyo, mwaka 1542 Lord Maxwell wa wakati huo katekwa na Waingereza kwenye vita ya Solway Moss, 1545 ngome iko kwa Waingereza, ikarudi, 1570 jeshi la Kiingereza likaja kuivunjavunja tena. Ikajengwa tena.

Mimi neno kibaraka silitumii hapo mwalimu, na najua utanisahihisha. Mtu anaekaa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, anaweza kuwa na msimamo, jeshi likitoka kusini atalisikia wiki nzima kabla. Mtu anaekaa Caerlaverock anaamka asubuhi analiona. Hebu tuiangalie ngome yetu hapa Bagamoyo, imeanza 1860 kama nyumba ya Mwarabu, ikawa ya Sultani wa Zanzibar, ikawa ya Wadachi, ikawa ya Waingereza. Yule aliyekuwa anauza samaki pale nje alipita bendera ngapi, na nani amewahi kumwita kibaraka?

SWALI: Mjomba hujawahi kusema, we umefika huko? (Msomaji, hakutaja anapokaa)

Sijafika. Hata Mafia sijafika.

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi nina genge la chakula karibu na stendi. Binti yangu alinionesha picha za ndani ya hiyo ngome kwenye simu, nikashangaa, kuna jumba lina madirisha makubwa yana nakshi juu kama mlango wa Kizanzibari. Sasa ngome gani hiyo ya vita ina dirisha la kuingia mwizi na begi? (Mama Lishe, Bagamoyo mjini)

Marahaba mama. Hili swali wanaume wote 14 walioandika hawakuliona.

Hilo jumba ni la mwisho kabisa, la mwaka 1634, linaitwa Nithsdale Lodging. Mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1603 malkia wa Uingereza alikufa bila mtoto, kiti kikaenda kwa ndugu yake ambae tayari alikuwa mfalme wa Uskoti, kwa hiyo nchi mbili zikawa na mfalme mmoja. Ule mpaka uliotesa watu miaka 300 ukakosa kazi. Robert Maxwell, Earl wa Nithsdale (Earl ni cheo cha ubwana), akaona sasa ni wakati wa kuishi kama binadamu. Akajenga ndani ya zile kuta za kijeshi nyumba ya kisasa ya ghorofa, vyumba vina meko ya kuotea moto, na juu ya madirisha akaweka wachongaji wamwage ufundi, hadithi za kale, alama za ukoo. Na ukiangalia vizuri mama, madirisha hayo mazuri yanatazama uani, upande wa nje bado ni ukuta mnene. Hakuwa mjinga kihivyo.

Ila aliifaidi miaka sita tu. 1640 vita ikaja kutoka ndani safari hii, Waskoti kwa Waskoti, kisa dini na nani mwenye amri juu ya kanisa. Mfalme Charles wa Kwanza alitaka kanisa la Uskoti liendeshwe anavyotaka yeye, Waskoti wengi wakaweka sahihi agano la kukataa, ndo wakaitwa Covenanters. Maxwell alikuwa Mkatoliki na mtu wa mfalme, yaani makosa yote mawili kwa pamoja. Wakaizingira ngome wiki 13. Hebu pigia hesabu kama wewe, watu kama 200 wamefungiwa ndani, unawalisha wiki 13 bila kwenda sokoni. Mwisho mfalme mwenyewe akawaruhusu wasalimu amri. Washindi wakaangusha ukuta wa kusini pamoja na mnara wa kona moja ili isitumike tena kwa vita, na haikutumika.

Ndo maana picha ikipigwa kutoka mbele unaona ngome kamili, ikipigwa kutoka nyuma unaona mdomo umeng'oka meno. Na yule aliyeniuliza kwa ujumbe mfupi "Waingereza waliivunja lini", jibu ni kwamba waliivunja kweli, lakini huo ukuta unaouona haupo walioushusha ni Waskoti, kama ambavyo 1312 aliyeishusha ni mwenye nyumba.

SWALI: Mwanangu hujambo. Mimi mzee tu wa hapa Kaole, mjukuu ndo ananiandikia. Hao watu wa ghuba hiyo wanavua? Maji yao yanakupwa kama yetu? Na sasa hivi nani anakaa humo ndani? (Mzee mvuvi, Kaole)

Shikamoo mzee wangu, na mjukuu asante.

Hakai mtu. Toka mwaka 1946 ngome iko chini ya serikali, inatunzwa, watu wanakata tiketi wanaingia. Maji yao yanakupwa na kujaa kuliko yetu kwa mbali, ghuba ile ni pana na haina kina, yakitoka yanaacha mchanga mpaka jicho linachoka, yakirudi yanarudi mbio, mgeni asiyejua anazingirwa. Mikoko hakuna, baridi haiwezi, pale mikoko ingekaa kuna majani mafupi ya maji chumvi, ng'ombe wanalishwa humo.

Uvuvi wao mmoja ungeupenda. Wanavua samoni na fremu ya mbao ndefu kama mita tano, ina miguu mitatu, nyuma yake wavu umelegea. Mvuvi anaibeba begani, anaingia nayo majini mpaka usawa wa kifua, anaisimamisha, anasubiri. Wanajipanga msitari mmoja mtu na mwenzie kukata mkondo, samaki akigonga wavu unainua miguu ya fremu haraka anabaki kwenye mfuko. Hakuna chombo, hakuna mashine. Inasemekana waliwafundisha ni mabaharia wa Viking zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Halafu kuna ndege. Kila mwezi wa kumi wanashuka maelfu kwa maelfu ya mabata bukini weusi kwa weupe kutoka Svalbard, visiwa vya huko juu karibu na ncha ya dunia, wanakaa kwenye yale majani pembeni ya ngome mpaka mwezi wa nne ndo wanarudi kutaga. Wenyeji wanasema asubuhi kelele zao unazisikia kabla hujafungua dirisha.

Mjukuu kaongeza chini kwa siri kwamba babu anataka kujua kama huko nako kuna mbuyu wa kuuzunguka uongeze umri kama ule wa kwetu pale magofuni. Mwambie hakuna. Ila mwambie pia Jumapili hii naja Kaole, anionyeshe ile bandari ya zamani ilikuwa inaishia wapi kabla mikoko haijaingia, maana vibao vya pale havisemi na yeye babu yake alimuonyesha.